Ndoo ya Mbegu ya NyaGondwe

"Hakuna atakayeshika jembe hapa! Maiti iko ndani!"

"Na mvua iko nje, Mzee Jere! Au utaiambia irudi Jumapili?"

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo ulikuwa uani kwa marehemu mama NyaGondwe, kijijini Luviri, kaskazini mwa Malawi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. NyaGondwe alifariki Jumatano. Mazishi yalipangwa Jumamosi, kwa sababu mwanawe Wezi alikuwa ndani ya basi, anatoka Johannesburg. Alfajiri ya Alhamisi mvua ya kwanza ikashuka. Mvua ya kupandia. Shamba la kanisa, linalolimwa na waumini wote, lilikuwa tayari, limelimwa, samadi imo. Mbegu tu ndizo hazijaingia.

Luviri msiba ukiingia, hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe. Lakini udongo wao ni wa kichanga, haushiki maji mpaka Jumamosi. Na mwaka jana walichelewa kupanda. Walikula pumba hadi Machi.

Towera, binti wa marehemu, alikaa mkekani katikati ya wagombanaji, simu mkononi. Kaka yake hakuwa akipatikana.

"Vunja mwiko na ndugu yako yuko barabarani," Mzee Jere alimwambia. "Likimpata la kumpata, usije kulia kwangu."

Towera akapiga simu tena. Haipatikani.

"Acha kumtisha mtoto!" alifoka NyaMoyo, rafiki wa marehemu katika chama cha akina mama. "Wewe uliyeonyesha mahindi yako ukasema ni ya kanisa, leo umekuwa mlinzi wa mila?"

Waombolezaji wakainama kuficha kicheko.

Kisa hicho ni cha kweli, na Luviri hakijasahaulika. NyaGondwe alizunguka makanisa ya vijijini kwa baiskeli, miaka mingi, akikagua mashamba yao. Alifikia shambani kwanza, ndipo akamsalimu mchungaji. Akikuta magugu, hakula chakula. "Kuku wenu nitamla mkishapalilia," alikuwa akisema, kisha anaondoka na njaa yake. Watu walimwogopa. Alipokuja Luviri mara ya kwanza, kabla hajahamia huko, shamba la kanisa lilikuwa kichaka. Mzee Jere, mzee wa kanisa, akampeleka kwenye mahindi yake mwenyewe. NyaGondwe akayasifu sana. Halafu akawageukia akina mama: "Haya, vunjeni, kila mtu ajaze kikapu. Si ya kwenu?" Hakuna aliyesogea. Mzee Jere akatokwa jasho mpaka shingoni.

Ndiye mama aliyekuwa amelala ndani ya nyumba ile.

"Siku ya mwisho hakuulizia dawa," Towera ameniambia. "Aliuliza mawingu yamekaa upande gani."

Towera akaiweka simu chini. Akasimama. Akaingia ndani. Ndoo ya mbegu za kanisa ilikuwa kichwani pa mkeka aliolazwa marehemu, pale pale ilipokaa siku zote. Wanawake waliokesha wakamtazama.

"Mama, naichukua," alisema.

Alipotoka nayo, Mzee Jere akamzuia mlangoni. "Mwanangu, ndugu yako..."

"Babu, likimpata jambo nitalia mwenyewe. Naomba nipite."

Akapita. NyaMoyo akachukua jembe, akamfuata. Kisha wanawake wote wa uani. Shambani wakavuta kamba, wakaanza kupanda. Hakuna aliyeimba. Kila honi iliyosikika barabarani, Towera aliinua kichwa.

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Jere, koti amelivua. Akashika ncha ya kamba.

"Mmeipinda," alisema. "Vuteni huko."

Wezi alifika Ijumaa, salama. Simu yake iliishiwa chaji mpakani. Alimkuta dada yake na tope hadi magotini, wakakumbatiana hivyo hivyo. Jumamosi wakamzika mama yao. Shamba lilikuwa limekwisha pandwa.

Towera, Wezi, na waumini wote wa Luviri, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jiulizeni: nani kwenu atakula pumba Machi kwa sababu ya jambo mnaloliahirisha leo? Msinijibu mimi. Na kama mvua imefika kwenu saa hii, zimeni redio, mkapande.