Risasi Sita Alizoziacha Mahfoudha

Sikilizeni wanangu, Bakhit na wewe Bashayer, na hilo dirisha lifungeni, magari ya Darsait yananishinda sauti. Nyumba hii na shamba la Barka vina hati zake, na sheria ya mirathi inajua kugawanya kuliko mimi. Nnataka kusema juu ya Martini, ile bunduki ya babu yenu, na zaidi juu ya mama yenu, kwani amenitangulia mwaka sasa, nami nimebaki na uongo wangu.

Mnajua nilivyosifiwa. Miaka arubaini, kila Idi, kule bondeni Yiti, nikilipiga jiwe jeupe hatua mia mbili kwa bunduki iliyomzidi umri babu yangu, na mjomba wenu Khattab akinikejeli mbele za watu, "Shemegi, gazeti huoni mpaka uvae miwani, jiwe umelionaje? Nani anakutengenezea risasi?" Nikamjibu, "Mwenyewe." Kila Idi jibu langu lilikuwa hilohilo, na mama yenu akimimina kahawa, anasikia.

Yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza. Mimi, mhandisi mzima, nilijaribu mara moja tu: nikapunguza baruti kwa kuogopa bunduki isinivunje bega, nikaacha nafasi ndani ya ganda. Akalitikisa sikioni, akasikia punje zinacheza. "Baruti nyeusi haitaki chumba kitupu, Baba Bakhit. Utaipasua bunduki na uso wako." Tangu siku ile nikawa mtu wa kufyatua. Yeye huyeyusha madini ya risasi jikoni, madirisha wazi, akayamimina kwenye kalibu, lile umbo la chuma la kutolea vichwa. Vichwa vya mwanzo, kalibu ikiwa bado baridi, hutoka na makunyanzi, akavirudisha motoni bila ya hasira. Vilivyotoka vizuri akavipima kimoja kimoja kwenye mizani ya sonara aliyoachiwa na mama yake, na kilichopungua hata punje ya mchele kikayeyushwa tena. Kisha kila kilichotimia akakizungushia karatasi nyembamba mara mbili, ingali mbichi kwa maji, ili ikikauka ikikamate.

Ile karatasi sikuwahi kuuliza anaitoa wapi.

Matanga yalipokwisha nikakuta risasi saba katika kopo la halua. Nikafungua moja kwa koleo, nitazame kazi yake. Karatasi ilikuwa ya buluu, na mwandiko ulikuwa wangu. Barua zangu, wanangu, nilizomwandikia kutoka Kairo nikisoma chuo, tumeshaposana. Nikasoma maneno matatu: "Hapa baridi kali." Nikakaa chini. Miaka arubaini nimekuwa nikiyarusha maneno yangu mwenyewe, na kila nikipiga, vipande vya karatasi vikianguka mbele ya mdomo wa bunduki, nami nikavikanyaga nikienda kutazama jiwe.

Nilidhani hakuzithamini. Bashayer, wewe uliyekuwa ukimshikia kalibu ndiye uliyenambia: "Anaisoma kwanza mpaka mwisho, baba, midomo inamcheza, halafu ndiyo anakata."

Zimebaki sita. Koleo liko chini ya mto wangu. Nimelishika siku nyingi, nikitaka kujua nilimwambia nini tena. Lichukue, mwanangu. Lichukue, nisije nikazifungua; mkono wangu hautaki kulitoa.

Kalibu na mizani nakupa wewe leo, Bashayer, ningali hai, si katika mirathi, na Bakhit ni shahidi. Bakhit, bunduki usiiguse mpaka kibali cha polisi kiwe kwa jina lako. Kisha nendeni Yiti, mumkalishe mjomba wenu mbele, na kabla ya risasi ya kwanza Bashayer amwambie, kwa sauti, watu wote wasikie: alitengeneza Mahfoudha, na baba alisema uongo. Nitakieni radhi kwa mjomba wenu. Halafu pigeni zote sita.

Radhi zangu ziko juu yenu, zangu na za mama yenu, na Mola akulindeni pale nisipokuwapo... Maji kidogo. Basi, yatosha.

Vile vipande vikianguka... msivikanyage. Wala msiviokote kuvisoma. Alikwisha kuvisoma yeye.