Mazishi ya Jirani Mkatoliki

Ndani ya basi la Belfast, Isobel alitega sikio. Kiti cha mbele, mama aliyevaa nguo nyeusi alimwuliza abiria mwenzake, "Samahani dada, kanisani kwa Wakatoliki watu hupiga magoti lini?" Yule akajibu, "Wakipiga, nawe piga. Unakwenda kufanya nini?"

"Kumzika jirani yangu, Dympna. Sisi Waprotestanti, kaka yangu kaapa nikiingia humo undugu umekwisha."

"Makubwa! Na yeye husali?"

"Kila Jumapili, tena safu ya mbele."

"Basi Yesu aliyesema mpende jirani yako kamsikia akiapa."

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Nilipougua, Dympna alinilisha kwa kijiko. Hakuniuliza nasali wapi."

Basi likasimama, mama akashuka. Mlangoni pa kanisa alisimama mwanamume aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Isobel alibandika uso dirishani: kaja kumzuia, au kumsindikiza?