Chupa ya Pili ya Mdogo Wake Nyundo

Kijiwe chenyewe ni benchi mbele ya karakana ya Nyundo, seremala, na birika la kahawa huwa katikati. Jioni hiyo kahawa ilisusiwa. Nyundo alikuwa amepangua mbao akaibua chupa ya divai aliyoletewa na mdogo wake, mkulima wa zabibu. Zilikuja mbili. Ya kwanza waliionja hapo hapo miaka miwili nyuma, wakatema wote, na Nyundo akapiga simu: mdogo wangu, zabibu zako hizo hazifai, ng'oa. Zilikuwa za aina ambayo hata majirani wa shamba hawakuijua. Mdogo mtu akang'oa mizabibu yote, na tangu hapo simu za kaka yake hapokei.

Sasa Nyundo akapiga funda. Divai ilikuwa nzito, nyeusi tii, ikashika ufizi kama chai iliyokolea majani, kisha ikalegea na kuacha utamu. Moyo ukamuuma.

— Jamani, hii nzuri.

— Lete, mahakama iamue, alisema Jaji, kinyozi wa mlango wa pili. Akanywa, macho yakamtoka. — Loo! Ile ilinikausha mdomo kama nimetafuna ndizi mbichi!

— Mbao zimefyonza ukali, alisema Betri, fundi simu, akijifuta midomo. — Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje kwenye chupa? alidakia Jaji. — Hii ni kazi ya randa ya umeme. Kutwa inatetemesha ukuta, divai inakandwa mgongo.

— Basi mimi nawaambia, alisema Betri, imemsikia mke wa Nyundo akigomba miaka miwili, ikatubu!

Wakacheka. Nyundo hakucheka.

— Ilihitaji kukaa tu, alisema. — Tulikuwa na pupa.

— Tulikuwa? aliuliza Betri. — Simu si ulipiga wewe?

— Nyie si ndio mliotema?

— Kutema si kung'oa, kaka.

Nyundo akamalizia kikombe chake.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Jaji, akijijazia kikombe hadi ukingoni.

Mama mmoja aliyekuja kuulizia kabati lake alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Samahani, fundi. Huyo mdogo wako mwenyewe, ameshaionja ikiwa hivi?

Jaji akatazama viatu vyake. Betri akakohoa. Nyundo akainyakua chupa, akaiinamisha juu ya kikombe chake, akangoja. Yalidondoka machicha tu.