Fundi Aliyeuliza Alama Iko Wapi

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Mrisho Kibwana atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika Gereji ya Ukwaju, hapa Gerezani, jirani na Kariakoo. Aliingia akiwa fundi msaidizi, anatoka akiwa fundi mkuu. Kamati ya hafla ya kumuaga imenipa mimi, Ismail, fundi umeme wa magari, kazi ya kuandika wasifu wake. Sababu waliyotoa ni kwamba nimekaa naye muda mrefu kuliko wengine. Sababu ya kweli ni kwamba wenzangu wote walidai wana miandiko mibaya.

Fundi Mrisho ni mzaliwa wa Ilala na bado anaishi huko na mkewe, Bi Tatu. Ufundi alijifunzia uani kwa mjomba wake, kwenye lori lililokufa ambalo hadi leo hakuna anayejua lilikuwa la nani. Sifa yake kubwa ni usafi. Hakuwahi kurudisha kifaa kichafu ndani ya injini. Alikiosha, akakisugua kwa brashi, akakifuta, kisha akakitazama kama mtu anayekagua sahani ya mgeni. Udhaifu wake ni udereva. Gari analijua ndani nje, lakini kulirudisha nyuma ni kazi nyingine. Nguzo ya geti letu imepinda, na aliyeipinda anajulikana.

Tuseme ukweli mapema: kazi yetu haiaminiki. Mwenye gari anaamini kwamba akigeuza kisogo tu, fundi atachomoa spea nzima na kumwekea kuukuu. Hajaota, maana wapo waliofanyiwa hivyo kwenye gereji nyingine. Ndiyo maana tuna benchi la wateja. Mtu analeta gari, anakaa, anakodoa macho mpaka boneti ifungwe. Akibanwa na haja, anamwachia jirani zamu.

Mada kuu ya benchi hilo, ukiacha Simba na Yanga, ni kazi ipi isiyoaminika kuliko zote. Bwana Abubakary, dalali wa vyumba, siku zote amewataja mafundi gari. Bwana Athanas, fundi cherehani ambaye hajawahi kumaliza nguo siku aliyoahidi, anawataja madalali. Wote wawili wanapatana kwamba muuza nyama anabonyeza mzani kwa kidole. Hakuna aliyewahi kuitaja kazi yake mwenyewe. Fundi Mrisho alikuwa akiwasikiliza akiwa chini ya gari, na mara mojamoja alitoa kichwa kuuliza kama kura zimeshahesabiwa.

Alitania, lakini jambo hilo lilimgusa. Ili kueleza kwa nini, sina budi kumleta Bi Jyotsna wa Upanga, mwalimu wa hisabati, ambaye sote tunamwita Mama Neha.

Mama Neha alipotuletea Starlet yake nyeupe kwa mara ya kwanza, alikuwa amejiandaa. Nyumbani kwake alikuwa ametia nukta za rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kila kifaa alichoweza kukifikia: stata, kabureta, altaneta, hata kizibo cha rejeta. Hakutuambia. Akaacha gari, akaenda kufundisha. Fundi Mrisho akafungua injini, akakuta uchafu wa kawaida na uchafu mwekundu asiouelewa, akachukua brashi na thina, ile ya kupunguzia rangi, akasafisha vyote. Alijivunia kazi ile. Alituita tuje kuitazama.

Jioni Mama Neha alifunua boneti, akatafuta nukta zake, hakuziona. Akapiga kelele: "Mwizi!"

Neno hilo likitamkwa kwa sauti kwenye mitaa yetu, watu hawasubiri uchunguzi. Wasukuma mikokoteni waliweka mizigo chini. Wauza mitumba walisogea. Mtu mmoja, ambaye hakuwa na gari wala hakujua kilichoibwa, alikuwa tayari ameokota tofali. Fundi Mrisho alisimama na brashi mkononi, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Alionyesha kitambaa chenye madoa mekundu. Wakasema kitambaa si ushahidi. Hapo akaomba jambo moja, afungue altaneta, maana kwa nyuma kuna pembe ambayo brashi haifiki. Akaifungua mbele ya umati, akaigeuza. Nukta ilikuwepo. Mwenye tofali akalirudisha alipolitoa, na watu wakatawanyika wakiwa na sura za waliofika mpirani mechi ikiahirishwa.

Mama Neha aliinama, akaikagua ile nukta. "Hii moja ni yangu," alisema. "Hizo nyingine sijui."

Wengi tulidhani hatarudi. Alirudi, tena kwa hesabu zilezile za kimwalimu: kwa mafundi wengine wa jiji hakuwa na uhakika wa kifaa hata kimoja, na kwa huyu alikuwa nao wa kimoja. Ila hakumwachia gari tena. Kila sevisi alikuja na mto wa kukalia, chupa ya chai na madaftari ya kusahihisha, akakaa kwenye benchi mpaka mwisho. Alifanya hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Fundi Mrisho naye alibadili utaratibu. Tangu siku ile, kabla ya kugusa brashi alimuuliza kila mteja, kwa adabu na bila kinyongo: "Umeweka alama wapi?" Wateja waliona haya, kisha wakasema. Wapo waliokwaruza kwa kisu, wapo waliofunga uzi, na shehe mmoja aliandika jina lake lote kwenye betri. Alisafisha kila kitu na kuiacha alama. Ndiyo maana magari ya Ukwaju yanajulikana: injini inang'aa yote, ila pana doa moja chafu. Mafundi wote aliowafundisha, nami nikiwemo, tunauliza hivyohivyo.

Mwaka jana, tulipoanza kuzungumzia kustaafu kwake, tulimuuliza anataka zawadi gani. Tulitegemea aseme friji. Alisema anachotaka hatuwezi kukinunua. Alitaka, kabla hajaondoka, Mama Neha aache gari siku moja tu na aende zake. Alisema neno lile la mwizi bado linamrudia anaposugua stata. Hakuwa anatania.

Sevisi ya mwisho kabla ya likizo yake ya kustaafu ilifika. Mama Neha alikuja na mto, chai na madaftari. Alikaa mpaka boneti ikafungwa. Alimshukuru, akaondoka. Fundi Mrisho alinawa mikono, akatuaga, akaenda Ilala. Ilituuma sote.

Wiki mbili zilizopita Starlet iliingia tena getini bila kugusa nguzo, Mama Neha akiendesha. Pembeni yake alikaa Fundi Mrisho, kanzu safi na kofia, kama mgeni rasmi. Mama Neha alikuwa amempitia nyumbani. Aliteremka, akaweka mto wake kwenye benchi, akamkalisha Fundi juu yake na kumpa chupa ya chai.

"Fundi, wewe kaa hapa uwaangalie hawa," alisema, akituonyesha sisi kwa kidole. "Mimi naenda Kariakoo, nina vitambaa vya kununua."

Akamwachia ufunguo, akaondoka kwa miguu, wala hakugeuka nyuma.

Fundi Mrisho alikaa pale akitukodolea macho kama mteja mwingine yeyote. Hakuna aliyethubutu kudondosha spana. Nilipofunua boneti nilifanya alivyonifundisha, nikamwuliza Fundi ni wapi safari hii Mama Neha ameweka alama. Fundi alimaliza kwanza kumimina chai, akafunga chupa.

"Hajaweka," alisema.

Nilikagua pote, kwa mazoea tu. Hajaweka.

Fundi Mrisho, uongozi na mafundi wote wa Ukwaju tunakushukuru kwa kutufundisha kazi na kwa kuvumilia maneno ya benchi. Msalimie Bi Tatu, umwambie sasa wewe ni wake mchana kutwa. Mungu akupe afya na siku nyingi zenye utulivu. Nguzo ya geti tutainyoosha. Mto wa Mama Neha tumeuacha palepale kwenye benchi; amesema ni wako.