Kitanda cha Mama Hoja

Mgeni rasmi, Baba Askofu, mwenyekiti wa Baraza la Chuo; Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu:

Sisi wanafunzi wa chuo hiki cha kanisa tunakupokea kwa mikono miwili. Tangu jana hatujatulia: kwaya imekaukiwa koo kwa mazoezi, na kombe lile mezani kila apitaye amelifuta vumbi.

CHUO CHETU

Chuo chetu ni kidogo. Mtu akipiga chafya maktabani, kanisani wanamwombea. Anayesoma baiolojia asubuhi, mchana huchambua mashairi, na baada ya chakula cha jioni sote hukusanyika ukumbini kwa mjadala wa falsafa. Mwalimu wa mantiki huuliza swali moja tu, tukabishana mpaka mlinzi aje kuzima taa. Hapo ndipo hasa tunaposomea.

MWENZETU

Mwaka jana alijiunga nasi mama mmoja, fundi cherehani, pamoja na binti yake wa kwanza. Darasa moja, mwaka mmoja. Alipoingia tulisimama tukidhani ni mhadhiri. Akasema, "Kaeni, wanangu. Na mimi nimekuja kufundishwa."

Muhula wa kwanza alifeli mantiki. Hakuona haya, alimwandama mwalimu mpaka mlangoni, akarudia mazoezi hadi akafaulu. Na kwa kuwa kila asemacho mtu hukijibu kwa "Hoja yako ni ipi?", tukambatiza Mama Hoja.

TULICHOVUNA

Mwezi uliopita tulialikwa kwenye mdahalo na chuo kikuu kikubwa. Msemaji wetu wa mwisho akaugua, tukamsukuma Mama Hoja mbele. Mpinzani wetu akatabasamu: "Shikamoo, mama. Umewasindikiza watoto?" Ukumbi ukacheka.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Nimekuja kukupinga."

Akaichambua hoja ya yule kijana kipande kwa kipande, bila kejeli, mpaka kijana mwenyewe akaanza kuitikia kwa kichwa. Tulishinda, Baba Askofu, na kombe ndilo lile mezani. Tulirudi tukiimba njia nzima, na dereva akiitikia.

KINACHOTUKWAZA

Kanuni ya bweni la wasichana haimruhusu mwanamke aliyeolewa. Nalo basi la mwisho la kwao huondoka kabla ya chakula cha jioni. Mjadala unapoanza, Mama Hoja yuko njiani. Kila asubuhi hutuuliza, "Jana mliishia wapi?" Tunamsimulia, lakini chakula cha kusimuliwa hakishibishi. Sasa anasema huenda muhula ujao asirudi. "Nasoma nusu," alituambia. "Nusu nyingine nawaachia ninyi."

OMBI LETU

Baba Askofu, Baraza linakaa leo alasiri. Tunaomba kanuni hiyo ibadilishwe, Mama Hoja apewe kitanda bwenini.

Yeye alitukataza tusimtaje katika risala hii. Tukamuuliza, "Hoja yako ni ipi?" Akacheka, akatuacha tuandike.

Tulimwendea mumewe, seremala, tusije tukavunja nyumba ya watu. Alituambia, "Tumeshazungumza, mimi na mwenzangu. Kupika najua, na wadogo wanakula wakamaliza. Mpeni kitanda."

Mwisho tukamuuliza binti, maana ndiye atakayelala chumba kimoja na mama yake, na si kila binti angelitaka hilo.

"Nilipenda bweni kwa sababu huku hakuna wa kuniuliza nimetoka wapi," akasema. "Lakini juzi jioni mwalimu alisema neno zuri sana. Nikageuka nimtazame mama, nione kama naye amelisikia. Hayupo."

Mungu akutangulie katika kikao cha alasiri, Baba, akupe neno jema la kutuletea kabla basi halijaondoka.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Chuo, wa bwenini na wa kutoka nyumbani.