Lindo la Kidoti cha Kijani

Benchi letu la Kansanga ni la chuma. Latif, anayeitwa Injinia, alilichomelea mwenyewe kule Katwe, na mguu mmoja ulimtokea mfupi, kwa hiyo anayekaa upande wa kushoto hukaa kwa adabu. Jioni hiyo upande huo alikuwepo Anselme, Mkongomani ambaye kijiwe kizima kinamwita Ofisi, kwa sababu ofisi yake ni kompyuta iliyo mapajani. Huwajibu wateja wa kampuni ya ng'ambo ambayo hajawahi kuona hata mlango wake. Kwenye kioo kuna kidoti cha kijani. Kipanya kikitulia dakika tano, kidoti hugeuka chekundu. Kikigeuka mara tatu, kazi imekwenda. Chake kilishageuka mara mbili. Basi ana miezi mitatu hajanywa kahawa ya moto, na mkono wake wa kulia husukuma kipanya hewani hata kanisani. Roho ilimuuma, maana kahawa ya Aloyo, anayetuuzia hapo kijiweni, ina tangawizi ya kweli.

— Ofisi, kahawa hiyo nimeipasha mara mbili, alisema Aloyo, birika mkononi. Nikirudia itakuwa supu.

— Niko natumika kazi, dada. Kompyuta iko inaniangalia.

— Banange! alidakia Latif. Mimi nakwambia, ssebo, hiyo inasikia mapigo ya moyo kwenye kidole. Ukicheka, huko ng'ambo wanaandika: amecheka.

— Tufunge kipanya kwenye feni, alisema Aloyo.

— Feni ina mwendo mmoja, watajua. Tumfungie kuku. Kuku hatulii.

— Na jioni kuku akitaka kulala?

— Tunamwashia taa. Kuku anajua saa?

— Huyo atapandishwa cheo kabla ya Ofisi!

Anselme alicheka mpaka akajisahau, kisha akashtuka na kusukuma kipanya kama mtu aliyeguswa na moto. Hapo ndipo Afande Ochan, polisi mstaafu, alipoweka kikombe chini.

— Nyinyi hapana jua kazi. Mimi nalinda geti miaka ishirini na saba. Mutu moja hapana linda siku nzima. Iko badili lindo. Ofisi, simama, toa ripoti!

— Ripoti ya nini, mzee?

— Sema: kidoti kijani, hakuna tatizo.

— Kidoti kijani, hakuna tatizo.

— Nimepokea. Kunywa kahawa.

Ochan akalinda robo saa, mgongo umenyooka. Akapokea Latif, kwa vidole vyake vilivyobabuka na cheche, kisha Aloyo, kisha Ochan tena, na kila anayeondoka alitoa ripoti. Anselme alimaliza kikombe kizima kingali moto. Alijisikia raha mpaka akaona haya, na mkono ukatulia juu ya goti.

Akafika Sumayiya, nesi wa zahanati ya Kisugu, anayepita kujaza chupa yake kabla ya kuingia zamu. Akawatazama watu wazima wanne wamezunguka kipanya. Wakamweleza yote, kila mtu kwa sauti yake.

— Kaka Anselme, zamu yako ilianza saa ngapi?

— Saa mbili asubuhi.

— Ya masaa mangapi?

— Nane. Iko kwenye mkataba.

Sumayiya akatazama saa ya mkononi. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni.

— Sasa tangu saa kumi mnalinda nini?

Latif aliinama kuukagua ule mguu mfupi wa benchi. Aloyo akafuta birika lililokuwa safi. Ochan aliendelea kusukuma kipanya. Anselme alizijua saa zake vizuri sana, ila siku zote alingoja betri ife ndipo aamini kuwa amemaliza. Akaona aibu, na papo hapo akapata ujasiri ambao hakuwa nao asubuhi.

Akasimama mbele ya Ochan.

— Afande, ripoti.

— Kidoti kijani, hakuna tatizo.

— Nimepokea.

Akafunga kompyuta, akaiweka chini ya benchi, na kumsogezea Aloyo kikombe ajaziwe tena.