Gaudens Tarimo na Hatua Ishirini za Kijito cha Mvumoni

Baba Paroko, mwenyekiti wetu wa mtaa, ndugu mliotoka Rombo na Bukoba, majirani wa pande zote mbili za kijito cha Mvumoni, wakubwa shikamooni, na wote poleni sana. Naitwa Fredrick Benedikto Tarimo, mdogo wake marehemu, nami ndiye niliyepewa kusoma historia hii, ingawa kwenye kikao cha familia niliomba asome mwingine, nikajibiwa nisome mimi na nisome yote. Basi nitasoma yote, ila nitakwenda haraka kidogo, kwa sababu wingu mnaliona wenyewe lilivyojikunja upande wa Kibamba, na kaka yangu asingeweza kukaa kwenye kiti akimsikiliza mtu anayesoma polepole huku mvua inakuja.

Marehemu Gaudens Benedikto Tarimo alizaliwa tarehe 12 Agosti 1955 kijijini Mashati, Rombo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa marehemu mzee Benedikto na marehemu mama Yustina, akabatizwa wiki hiyo hiyo kwa sababu mama alimwona hatulii akadhani ni mgonjwa, kumbe ndivyo alivyoumbwa, na mpaka mama anafariki alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakujifunza kutembea, alianza moja kwa moja na kukimbia.

Kwa upande wa elimu, alisoma Shule ya Msingi Mashati kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari mjini Moshi kuanzia 1970 hadi 1973, lakini yeye mwenyewe alisema shule yake ya kwanza ilikuwa mfereji wa ukoo, kwani kule kwetu maji yalishuka kutoka mlimani kwa mfereji mmoja wa nyumba nyingi, na siku ya kuuzibua kila nyumba ilitoa mtu, asiyetokea alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa yote mbele ya macho yake. Nilipofika umri wa kushika jembe, ni Gaudens aliyenifundisha namna ya kutoa tope bila kubomoa ukingo. Alinifundisha vizuri, mimi ndiye niliyesahau.

Mwaka 1974 alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Ruvu, na mwaka 1975 akaajiriwa kuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo Ubungo, akafanya kazi hapo hadi tarehe 30 Juni 1996 wafanyakazi walipopunguzwa, na wenzake wakiwa bado wanalalamika vijiweni yeye alishafungua kitalu cha miche pembeni mwa barabara ya Morogoro, hapa Kimara. Mteja aliyefuata waridi la kupendezesha geti alirudi nyumbani na mche wa mkuyu, pamoja na hotuba kuhusu mizizi inavyoshika udongo, na wengine mpo hapa mnacheka kwa sababu hiyo mikuyu imewashinda kung'oa.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Felicitas Kokuberwa, binti wa Kamachumu, na watani wakasema Mchagga na Mhaya ndani ya nyumba moja haitajulikana nani atamaliza kuongea, lakini sisi tuliokula kwao tunajua kwamba shemeji alikuwa akimaliza kuongea wakati mumewe ameshatoka nje zamani. Walijaliwa watoto watatu, Edgar mwaka 1985, Vaileth mwaka 1988 na Hope mwaka 1993, na wajukuu watano.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo karatasi ya kwanza niliyoletewa iliiandika kwa maneno mawili tu, kwamba marehemu alipenda mazingira. Nikaikataa karatasi hiyo, maana hata mimi napenda mazingira nikiyaona kwenye kalenda. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo kila mmoja hapa anajua yalimchukulia nini, kaka alikusanya watu kumi na mmoja, akiwemo Bi Mwamvita aliyekaa pale mbele, mwenyeji wa ng'ambo ya kijito tangu Kimara ikiwa mashamba ya mikorosho, na Jumamosi ya tarehe 7 Januari 2012, saa kumi na mbili asubuhi, wakaingia majini na reki na viroba. Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa na kipande chake cha ukingo, akitoa pampasi, chupa, kandambili, magodoro, na palipokwisha kusafishwa wakipanda mabingobingo, mianzi na mikuyu. Mvua ikianza kunyesha, wakati sisi tunatafuta pa kujikinga, Gaudens alitoka na filimbi shingoni, kwa kuwa ndio wakati ambao watu hutapisha vyoo vyao kwenye maji yanayopita, na aliyepigiwa filimbi na Gaudens mtaa mzima ulimjua.

Kikundi kilijua kwamba sheria inataka mita sitini kutoka majini, lakini Kimara ukipima mita sitini utahamisha nusu ya mtaa na ofisi ya mtaa ikiwemo, kwa hiyo wakakubaliana na mwenyekiti wa wakati huo hatua ishirini kila upande, pasijengwe kitu. Mwaka 2014 kaka akataka hatua hizo zionekane, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni sisi tu wa mlimani tungeweza kulifanya. Alipanda masale, yale majani marefu ambayo kwetu ndiyo mpaka, hayang'olewi, hayasogezwi, na mtu akiyaona anajua hapa pana mwenyewe. Aliwaza kwamba Wachagga wa Kimara tulivyo wengi, hakuna atakayethubutu kuyavuka.

Ndugu waombolezaji, sisi tulioyaelewa ndio tuliodanganyika. Desemba ya 2015, Gaudens akiwa Mashati kwa Krismasi kama ukoo mzima, mimi nilikuwa nimebaki Dar es Salaam kwa sababu mzigo wangu wa vipuri ulikwama bandarini, dalali akanipeleka mtoni akanionyesha eneo kati ya masale na maji, akaniambia, "Mzee, mpaka wako huo hapo, unataka hati gani tena?" Nami nilipoona masale niliamini, sikumuuliza mtu, wala sikumpigia simu kaka, kwa kuwa nilitaka nimshtukize kwa furaha kwamba sasa tutakuwa majirani. Nilinunua tarehe 28 Desemba, na Gaudens aliporudi tarehe 6 Januari 2016 alikuta msingi umeshatoka ardhini. Alikuja akasimama pale, akanisalimia, akanisifia mchanga, akaondoka, akaenda kukaa na neno hilo tumboni kwa miaka miwili na zaidi. Alinisihi nisijenge ukuta upande wa maji, nami nikaujenga, wa mawe, nikaurefusha hadi ndani ya kijito kwa sababu niliona bado kuna nafasi.

Mwezi Mei 2018 nyumba yangu ilipigwa alama nyekundu ya kubomolewa, na nilipoonyeshwa barua ya malalamiko nikakuta mwandiko wa kaka yangu wa damu, ameniandika majina yangu yote matatu kama mtu asiyenijua. Nilizunguka ofisi hii na ile hadi alama ikafifia, nikaipaka rangi, na tangu siku hiyo sikuzungumza na Gaudens kwa miaka saba na miezi tisa. Tulipishana kanisani, tulipishana misibani, Krismasi tulikaa meza moja Mashati nikimwambia mtoto amwambie baba yake mkubwa anipitishie chumvi. Nasema haya mbele ya Baba Paroko ili iwe nimeungama mara moja kwa wote.

Masika ya 2019 maji yalifika kwenye ukuta wangu, yakakosa njia, yakageukia ng'ambo na kuchukua jiko la Bi Mwamvita pamoja na bata wake kumi na wanne. Bi Mwamvita hakuja kugombana, alinikuta dukani akaniambia, "Baba, mie sikudai kitu, ila maji yale yalikuwa yanapita kwako," akaenda zake, na aliyelijenga upya lile jiko ni Gaudens na kikundi chake, Jumamosi nne mfululizo, mimi nikiwaona kupitia dirishani na pazia nimelishika kwa vidole viwili.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2009 na alikidhibiti vizuri, kwa sababu kisukari hakimwezi kirahisi mtu asiyekaa. Lakini kijito kikipinda kwenye ukuta wangu hutupa pale chini kila kinachokuja nacho, na ingawa kipande hicho hakikuwa chake, kaka alikichukua kwa vile hakuna mwanakikundi aliyetaka kufanya kazi chini ya dirisha langu. Tarehe 15 Novemba 2025 alikanyaga chupa iliyovunjika ikapenya buti, akafunga kitambaa, akamaliza viroba vyake, na Jumamosi iliyofuata akarudi tena majini na kidonda kibichi, shemeji akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tarehe 9 Januari mwaka huu alilazwa, tarehe 20 akakatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na hapo, watoto wake wamenisimulia, ndipo alipoteseka hasa, si kwa maumivu, ila kwa kulala kitandani akiuliza kila anayeingia kama huko nje kumekucha na wingu.

Tarehe 21 Februari Edgar alikuja nyumbani kwangu na jani la sale limefungwa fundo. Kwa wasiojua, kwetu mtu akikuletea sale anakuomba msamaha, na huwezi kulikataa, hata kama ameua. Kaka yangu mkubwa, ambaye nilimnyima salamu, ambaye mguu wake ulikatika kwa uchafu wa ukuta wangu, ndiye aliyeniomba mimi msamaha, na Edgar akanipa ujumbe wake kama ulivyo, "Mwambie Fredi yale masale niliyapanda vibaya, yalimdanganya." Nililia mbele ya mtoto niliyemzaa kiukoo, na sioni aibu kulisema.

Tarehe 24 Februari nilikwenda hospitali, tukashikana mikono, tukazungumza ya Mashati, ya mama, ya mfereji, akacheka, kisha akaniuliza ukuta nitautoa lini. Nikamwambia, "Baada ya masika, kaka, sasa hivi mafundi hawapatikani." Akanitazama, akasema, "Haya, Fredi," akageukia dirisha. Mafundi walikuwepo, nina namba zao nane kwenye simu. Siku nane baadaye, Jumatano ya tarehe 4 Machi 2026, saa tatu asubuhi, sumu ya kidonda ilipokwisha kuingia kwenye damu, Gaudens alifariki dunia akiwa na miaka sabini, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, maana alikuwa mgonjwa wa kutaka kushuka kitandani kila saa, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani mliokuja na fimbo zenu, Jumuiya Ndogo Ndogo, majirani mliopika na kuchota maji, na kikundi cha kijito, ambao asubuhi hii, msiba ukiwa hapa na leo ikiwa Jumamosi, mlianza kwanza na mtoni ndipo mkaja kuoga na kuvaa. Bi Mwamvita, asante, na unisamehe, sale lako nitalileta mwenyewe kwa mikono yangu.

Misa ikiisha, msafara utaondoka kwenda Mashati, na mazishi ni Jumatatu tarehe 9 Machi, saa nane mchana, kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo. Mimi sitakuwemo kwenye basi. Nasikia minong'ono, na wazee wa ukoo nawaona mlivyoshika vichwa, najua kwetu ni aibu gani mtu kutomsindikiza ndugu yake nyumbani, na nitaibeba aibu hiyo mpaka na mimi nipelekwe. Jana nilikwenda kwa shemeji Felicitas kumwomba ruhusa, nikitegemea anifukuze, akaniambia, "Kabomoe, shemeji. Kule atakuwa na watu wengi." Basi mafundi sita wananisubiri, ukuta unatoka leo na kesho na keshokutwa, kabla maji hayajapanda, na nyumba yenyewe itafuata nikishapata pa kuilaza familia yangu. Nilimwambia kaka baada ya masika, na masika yale pale, yanakuja.

Gaudens, mtoto wa Benedikto, wote tunakuombea upumzike kwa amani, nami najua hutaweza, utakuwa unaamka kuangalia wingu. Lala, kaka. Nimeshavaa buti.